Kanda iliishia pale: kuzipanga upya nyimbo za Queen

Ilikuwa baada ya Isha. Tumekaa barazani nyumbani Malindi, hapa mjini Unguja, kahawa imeshazunguka mara ya pili. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuja likizo kutoka Muscat, alikuwa na simu mapajani na spika ndogo pembeni yake. Akaniuliza bila kuinua macho:

"Ami, katika nyimbo zote za Queen, wa kwanza kwako ni upi?"

"Bohemian Rhapsody," nikamjibu. Sikufikiri hata kwa muda wa kumeza funda la kahawa.

"Kwa nini?"

Nikamwambia yale ambayo wengi wetu hapa mjini tungemwambia. Kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ile, kazaliwa hapa hapa Unguja, kwamba mle ndani mna Bismillah, kwamba dunia nzima inaimba neno ambalo sisi tunalisema kabla ya kutia tonge mdomoni.

Akanyamaza kidogo, kwa adabu. Kisha akasema: "Hiyo si sababu ya wimbo, Ami. Hiyo ni sababu ya pasipoti."

Wenzetu wakacheka, mazungumzo yakahamia bei ya samaki.

Mimi nilibaki pale pale aliponiacha.

Wiki nzima nikawa najiuliza mara ya mwisho kuusikiliza wimbo ule mwanzo hadi mwisho ilikuwa lini. Si kuusikia: kuusikia nausikia kila ninapopita kwenye mikahawa ya watalii Shangani. Kuusikiliza. Sikukumbuka. Na kama wa kwanza nilikuwa nimeuweka kwa mazoea, basi wa pili na wa tatu nimeuwekaje? Nimeipenda bendi hii kwa miaka arobaini. Nikaona ni vibaya sana kutojua ninapenda nini ndani yake.

Mpaka wa 1976

Ilibidi kwanza nichague uwanja. Queen wana albamu 15 za studio, tangu ile ya mwaka 1973 mpaka ile iliyotoka 1995, miaka minne baada ya Freddie kufariki. Huwezi kuziweka zote kwenye mizani moja. "Another One Bites the Dust" na "My Fairy King" zimetoka kwa watu wale wale wanne, lakini ukitaka kuzipima pamoja ni kama kupima chumvi kwa pishi na kitambaa kwa pishi.

Nikaamua kubaki na Queen niliyoijua kwanza, Queen ya roki ya glamu. Kucha zilizopakwa rangi nyeusi. Mavazi meupe ya mikunjo aliyoyabuni Zandra Rhodes, yenye mikono inayofunguka kama mbawa za popo. Wanaume wanne wenye nywele ndefu wakiimba habari za mazimwi na wafalme, kwa sauti nyembamba, bila haya yoyote. Walikuja mwishoni mwa msafara ambao T. Rex, Slade na David Bowie walikuwa wameshautangulia. Mwishoni mwa 1973 walikuwa bado wanawafungulia jukwaa Mott the Hoople, na Februari 1974 walionekana kwa mara ya kwanza katika Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, kwa sababu filamu ya Bowie haikupatikana wiki ile.

Basi: "Queen", "Queen II", "Sheer Heart Attack", "A Night at the Opera", "A Day at the Races". Albamu tano, kutoka 1973 hadi 1976. Nimezihesabu, nyimbo 56.

Sharti lilikuwa moja. Kila wimbo usikilizwe usiku, taa imezimwa, vipokea sauti masikioni, mwanzo hadi mwisho. Asubuhi ndiyo niandike namba.

Wakati huo sikujua kwamba mpaka wenyewe niliouweka una hila ndani yake. Nitafika huko.

Kanda ya dakika sitini

Wimbo ulionitia ndani ya bendi hii si ule wa Bismillah. Ni "The March of the Black Queen".

Kaka yangu aliondoka kwenda Muscat mwaka 1981. Mwaka 1984 akaleta mzigo kwa mtu anayekuja: vitambaa vya mama, dawa za macho za bibi, na kanda moja ya dakika sitini yenye jina langu juu yake kwa kalamu ya wino. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Upande wa kwanza mlikuwa na nyimbo za mchanganyiko. Upande wa pili, baada ya nyimbo nne za bendi nyingine, alirekodi ule upande wa "Queen II" uitwao upande Mweusi, ambao nyimbo zake zote kazitunga Freddie.

Ukianza "Ogre Battle" unasikia muziki ukija kinyumenyume, kama wimbi linalorudi baharini kabla ya kupiga. Kisha "The Fairy Feller's Master-Stroke", ambao Freddie aliutunga kutokana na picha ya Richard Dadd iliyoko jumba la sanaa la Tate, London. Mchoro uliojaa watu wadogo wadogo wasiohesabika, na wimbo nao umejaa hivyo hivyo. Kisha "Nevermore", dakika moja na kidogo ya piano na masikitiko. Kisha huo msafara wa malkia mweusi.

Ni wimbo wa dakika sita na nusu ambao haurudii njia. Unageuka, unageuka tena, unapanda ngazi, unafungua mlango, kumbe nyuma ya mlango kuna ngazi nyingine. Jukwaani wenyewe walipiga kipande chake tu, ndani ya mchanganyiko wa nyimbo. Mzima hawakuwahi kuupiga. Na katikati kuna mahali ambapo ghasia zote zinatulia. Gitaa zinapungua, sauti zinashuka, Freddie anaimba kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Tk.

Kanda imekwisha.

Hapo ndipo ilipoishia. Si mwisho wa wimbo, ni mwisho wa utepe. Nilikaa na wimbo ule hivyo, nusu, kwa takriban miaka ishirini. Niliurudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, nikauanza tena, nikafika pale pale kwenye upole, tk. Nikiwa mtoto niliamini kaka anaujua mwisho wake na siku moja atanisimulia. Nikawa mkubwa, nikasahau kumuuliza.

Nilipousikia mzima nilikuwa nimeshapita miaka thelathini, Dar es Salaam, kwenye diski niliyoazimwa. Upole ulipofika nikajikaza kusubiri ile tk. Haikuja. Wimbo ukainuka, ukakimbia, ukachangamka kama watu wanaotoka kwenye sherehe, na bila hata kuvuta pumzi ukaingia moja kwa moja katika wimbo unaofuata. Nilipaswa kufurahi. Nilihisi kama mtu aliyeingia chumba cha nyumba yao wenyewe ambacho hakuwahi kuambiwa kipo, na ndani yake kuna wageni wanacheka.

Sasa niambie, wimbo huo unaupa namba gani? Kuna ule wa dakika nne unaoishia kwenye kimya, ambao ndio nilioupenda. Na kuna ule wa dakika sita na nusu, ambao ndio uliopo.

Usiku wa kwanza niliupa namba moja. Usiku wa pili, kumi na moja.

Zilizoanguka

Nyimbo nyingine hazikunisumbua. "Sweet Lady" ilishuka chini siku ya kwanza na ikabaki huko. "God Save the Queen" si wimbo wa kushindanishwa, ni kifunga mlango. "The Loser in the End" wa mpiga ngoma wao, Roger Taylor, una ngoma nzuri kuliko maneno yake. "Misfire" naupenda kwa sababu ndio wa kwanza wa John Deacon, mpiga besi, mtu mkimya kuliko wote, lakini mapenzi ya namna hiyo hayampandishi mtu cheo.

"Brighton Rock" ulinishangaza kwa kupanda. Nilikuwa nikiuona ni gitaa tupu la Brian May akijibizana na mwangwi wake mwenyewe. Safari hii nikasikia mwanzo wake: kelele za bustani ya michezo, na mtu anapiga mluzi. Mluzi ule ni wa wimbo wa zamani wa kwenda ufukweni, ule ule ambao watu wanauimba kilevi mwishoni mwa "Seven Seas of Rhye" katika albamu iliyotangulia. Albamu moja imeishia ufukweni, ya pili imeanzia ufukweni. Nimezisikiliza tangu utotoni na sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu zilinifikia vipande vipande, kwenye kanda mbalimbali, kwa mpangilio wa waliozirekodi.

"Killer Queen" haujashuka hata siku moja. Ulifika namba mbili Uingereza mwaka 1974, na kama mtu atakuuliza roki ya glamu ni nini, mpigie huu tu usimweleze neno. Piano yenye mlio wa vyuma, vidole vinavyodatishwa, na lile gitaa linaloingia kwa sauti tatu kama kengele zinazofukuzana. Brian May alikuwa mgonjwa walipoanza albamu ile, homa ya ini kwanza halafu vidonda vya tumbo. Wenzake wakaendelea, wakimwachia nafasi wazi katika nyimbo. Akarudi akazijaza. Nikikumbuka hilo naisikia ile solo kwa namna nyingine: ni mtu anayeingia chumba alichotengewa.

Na "Somebody to Love". Watu watatu, Freddie, Brian na Roger, wamejirekodi tabaka juu ya tabaka mpaka wamekuwa kwaya ya kanisa zima. Freddie alikuwa akimhusudu Aretha Franklin, yule mwimbaji wa soul aliyeanzia kanisani, na hapa hajifichi. Usiku ule nilivua vipokea sauti nikakaa gizani kwa muda. Namba nne. Haijasogea tangu hapo.

Dakika tano na sekunde hamsini na tano

"Bohemian Rhapsody" niliuchelewesha makusudi. Nikaufikia siku ya kumi na tisa.

Nisiseme uongo: nilikuwa nataka unishinde. Nilitaka nimwandikie yule mtoto kwamba Ami wake alikuwa sahihi tangu mwanzo. Na kama kuna wimbo una haki ya kushinda, ndio huu. Ulikaa kileleni Uingereza wiki tisa kuanzia mwishoni mwa Novemba 1975, ukarudi kileleni tena 1991 Freddie alipofariki. Walipangilia sauti juu ya sauti mpaka utepe wa studio ukachakaa, wakawa wanauinua wanaona mwanga upande wa pili. Kazi ile haina mfano.

Nikausikiliza. Ubeti wa kwanza, najua. Mama, najua. Solo ya gitaa, najua kila noti. Ile opera, najua. Nikafika kwenye Bismillah na nikajichunguza kama daktari anavyochunguza mgonjwa. Je, nimehisi kitu?

Nilichohisi ni fahari. Fahari ni kitu kizuri, lakini haikutoka kwenye wimbo. Ilitoka kwangu.

Nisikilize wimbo mzima nisubiri neno moja tu! Nilikuwa nimefanya hivyo miaka yote. Na neno lenyewe pale limewekwa kwa ajili ya ukali wa mlio wake, katikati ya Galileo na Beelzebub. Halikuwekwa kwa ajili yetu.

Lakini kilichonishika safari hii ni mwisho. Baada ya kelele zote, sauti imebaki nyembamba, inasema kwamba hakuna chochote chenye maana, piano inatembea kwa vidole vya miguu, na Roger anagonga upatu mmoja. Pale nilipata baridi mgongoni. Sekunde chache, ambazo mikahawani wanazikata ili waingize wimbo mwingine.

Namba saba. Niliiandika kwa mkono mzito, nikaifuta, nikaiandika tena.

Wimbo niliokuwa naukimbia

Hapo ndipo nilipoiona ile hila ya mpaka wangu.

Kwa nini niliishia 1976? Nilijiambia ni kwa sababu ya glamu, na kweli 1977 wanaingia na "We Will Rock You", viatu vinagonga mbao, ni ulimwengu mwingine. Lakini mtu angeweza kusogeza mpaka mbele miaka miwili bila kuvunja sheria yoyote. Kama ningesogeza mpaka 1978 ningekutana na albamu iitwayo "Jazz", na wimbo wake wa kwanza kabisa, "Mustapha".

Nilikuwa naukimbia. Nimeukimbia tangu utotoni.

Unaanza na Freddie peke yake, hakuna chombo, anavuta sauti juu kama muadhini. Maneno ni Kiarabu kidogo, na mengine yasiyo ya lugha yoyote. Ndani yake kuna jina la Mola na kuna salamu zetu. Marehemu mama aliwahi kuusikia ukipita kwenye radio yangu akaniambia, kwa sauti ya chini, "Zima hiyo, mwanangu." Nikazima. Sikuuwasha tena kwa zaidi ya miaka thelathini.

Safari hii niliusikiliza, mchana, mlango umefungwa. Bado sikupendezwa na namna majina yale yanavyochezewa, na sitajilazimisha. Lakini nilisikia kitu ambacho hakimo katika Bismillah ya opera. Nilisikia mtoto wa Kiparsi wa Mji Mkongwe, ambaye miaka yake ya mwanzo, kabla ya kupelekwa shule ya bweni Panchgani huko India, aliamka kila alfajiri kwa adhana isiyokuwa ya dini yao. Aliichukua kama mtoto anavyochukua sauti: mlio kamili, maana nusu. Ikiwa nyimbo za Freddie zina Unguja ndani yake, kwa sikio langu iko hapa, katika wimbo ambao sitauweka kwenye orodha, wala sikuwahi kumtajia mgeni hata mmoja. Ule wa fahari tumeutundika ukutani, huu tumeufungia kabatini.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu bila kusikiliza chochote.

Mfalme wa Rhye

Niliporudi, nilirudi na masikio ya mtu anayetafuta. Ni hatari hiyo.

Katika "Lily of the Valley", wimbo usiofika dakika mbili ndani ya "Sheer Heart Attack", kuna mjumbe anayetoka bahari saba kumpasha habari mfalme wa Rhye kwamba amepoteza kiti chake. Rhye ni nchi ya kubuni ya Freddie, imo katika albamu mbili kabla ya hiyo. Usiku ule nilikaa kitako kitandani.

Mfalme kapoteza kiti. Bahari. Tarehe 12 Januari 1964 Sultani Jamshid aliondoka Unguja kwa meli. Farrokh Bulsara, ndilo jina la Freddie la kuzaliwa, alikuwa na miaka 17, amesharudi kutoka India, yuko hapa hapa mjini na wazazi wake na dada yake. Mwaka huo huo wakaondoka, wakaenda kuanza upya Feltham, karibu na London. Miaka kumi baadaye, mtu yule yule anaandika kuhusu mfalme aliyeanguka kwenye nchi ya baharini ambayo haipo kwenye ramani.

Nikaiandika namba moja bila kusubiri asubuhi. Nilivunja sharti langu mwenyewe.

Asubuhi nikaona nilichokifanya. Kumbe ni pasipoti tena! Nimetoka kwenye Bismillah nikaenda kutafuta muhuri mwingine wa uhamiaji, safari hii wenye siri zaidi. Freddie mwenyewe alisema mambo ya Rhye ni ya kubuni tu, na Brian May amewahi kueleza kuwa "Lily of the Valley" ulitoka moyoni kabisa mwa Freddie, na unamhusu msichana aliyekuwa naye wakati ule. Mapinduzi yetu hayamo. Nimeyatia mimi.

Nikausikiliza tena nikijaribu kumsikia msichana yule badala ya sultani. Ukawa mzuri zaidi. Nikasikia mtu anayeomba radhi kwa jambo ambalo hajalisema bado. Piano yake inasita kabla ya kila mstari.

Sikuweza kuuacha kwenye namba moja. Sikuweza kuushusha chini ya tatu.

Mwaka wa thelathini na tisa

Wimbo niliokuwa nimeuruka kuliko wote ni wa tano katika "A Night at the Opera". Jina lake ni "'39". Haukutungwa na Freddie na hauimbwi na Freddie. Kautunga Brian May, kauimba mwenyewe, kwa gitaa kavu, na John Deacon anapiga besi kubwa ya kusimama. Hauna kucha nyeusi, hauna opera. Ungeweza kuimbwa baharini usiku na watu wa jahazi.

Brian May alikuwa akisomea mambo ya nyota kabla bendi haijamchukua. Shahada yake ya udaktari aliimalizia Imperial College mwaka 2007. Wimbo wake unasimulia watu waliojitolea kusafiri angani kutafuta nchi mpya. Kwao umepita mwaka mmoja. Wanaporudi, nyumbani imepita miaka mia. Msafiri anashuka na habari njema, anamtazama kijana wa kike anayempokea, na katika macho ya yule kijana anayaona macho ya mwanamke aliyemwacha.

Kaka yangu alirudi kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Miaka kumi na miwili. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege, mama hakuja kwa sababu miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua. Kaka akatoka na masanduku, akatuangalia kama mtu anayesoma kwenye mwanga hafifu. Mdogo wetu wa kike alikuwa na miaka sita alipomwacha. Sasa alikuwa kumi na nane, amesimama mbele na buibui, amefanana na mama kila kitu.

Kaka akamwita, "Mama."

Kisha akajisikia alichosema, akafunika uso.

Hatujawahi kulizungumza tena. Mimi nilikuwa na wimbo huu kwenye kanda tangu nikiwa skuli, na siku ile pale uwanjani, wallahi, haukunijia akilini. Haukunijia mpaka mwaka huu, gizani, usiku wa thelathini na moja, ulipofika ule mstari wa macho nikasikia sauti ya kaka yangu ikisema neno lile moja.

Aliyeuandika ni Mwingereza wa Middlesex, mtoto aliyetengeneza gitaa lake kwa mbao za meko akisaidiana na baba yake. Hakuhama popote. Hakupoteza nchi. Miaka yote hii nilikuwa nikimpekua yule Mzanzibari wa bendi ili aniambie neno moja kuhusu kuondoka na kurudi, na neno hilo alikuwa ameshalisema mwenzake aliyesimama upande wa pili wa jukwaa.

Na bendi ni hiyo. Nilisema Queen, na nilikuwa nikimaanisha mtu mmoja.

"'39" ni namba moja. Niliandika asubuhi, kama sharti lilivyosema, na sijaifuta.

Orodha

Namba mbili ni "The March of the Black Queen". Namba tatu ni "Lily of the Valley". Hizi mbili bado zinapokezana, na nimeacha kuzigombeza. "Somebody to Love" ni nne, "Killer Queen" ni tano. Sita ni "White Queen", kwa ajili ya ule ukimya kabla gitaa halijaja juu. Saba mnaijua. "The Prophet's Song" ni nane, dakika nane na zaidi za gharika aliyoiota Brian May, na pale katikati Freddie anapoimba na mwangwi wake mwenyewe bila chombo, mtu asisikilize akiwa anaendesha gari. Tisa "Brighton Rock". Kumi "Love of My Life", ambao najua wengi mtaniuliza kwa nini uko chini hivyo; niulizeni, nitajibu.

Nilimpelekea mtoto wa kaka kwenye WhatsApp orodha yote, na maelezo ya ile namba moja sikuyaweka. Akajibu usiku ule ule:

"Sasa hizi ni nyimbo, Ami."

Baada ya muda ukaja ujumbe wa pili. "Baba yuko hapa anasoma. Anasema hiyo namba mbili anaikumbuka. Anasema wimbo mzuri lakini hauna mwisho."

Nikampigia kaka papo hapo. Ile santuri, akaniambia, haikuwa yake. Aliiazima kwa Mhindi waliyekuwa wakifanya naye kazi, kwa usiku mmoja tu, walikuwa wanalala watu wanane chumba kimoja. Alirekodi sauti ikiwa chini kabisa, amekaa sakafuni karibu na mashine. Kanda ilipojaa ikagonga, tk, naye akainua sindano haraka ili wenzake wasiamke. Asubuhi akairudisha santuri kwa mwenyewe.

Hakuwahi kuusikia mwisho. Kwa miaka arobaini nilidhani anaujua.

Nikamtumia wimbo mzima. Alama mbili zikawa buluu. Dakika sita na nusu zikapita, kisha kumi, kisha ishirini.

Ukaja ujumbe wa sauti, mfupi. Nyuma yake unasikika muziki wa albamu ukiendelea, ameshindwa kuuzima au hakutaka.

"Kumbe iliendelea," alisema.